Robo Inayorudi: Mifuko ya Kudumu ya Jamii na Nafuu ya Kodi Nchini Marekani Katika Mizani ya Fiqhi ya Wakfu

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu Mtukufu, na kumsalia na kumtakia amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) pamoja na Ahali zake na Sahaba zake wote, tunasema:

Ndugu yetu mmoja katika imani, mzaliwa wa upande huu wetu wa Afrika Mashariki ambaye sasa ni mkaazi wa jimbo la Iowa nchini Marekani, ametuletea swali linalostahiki kujibiwa kwa urefu. Anasema kuwa Mwenyezi Mungu amemruzuku, naye amenuia kutoa dola 10,000 ziwe sadaka yenye kuendelea baada ya kufa kwake. Wenzake msikitini wamemwambia kuwa akizitia fedha hizo katika mfuko wa kudumu wa jamii, serikali ya jimbo itampunguzia dola 2,500 katika kodi anayodaiwa. Wakaongeza kumwambia kuwa huo ndio wakfu wa Kiislamu hasa, ila Wamarekani wameupa jina jingine, na kwamba juu ya thawabu zake kamili atarudishiwa na robo ya mali yake. Yeye moyo wake haukutulia. Anauliza: Je, huo ni wakfu? Je, robo hiyo inayorudi ni halali yake? Na mbele ya Mola wake, ametoa 10,000 au ametoa 7,500?

Tumeona tusilijibu swali hili kwa neno moja la halali au haramu. Maneno aliyoambiwa ndugu yetu yanasemwa leo hata juu ya mimbari, na wapo kwetu pwani wanaotaka serikali zetu nazo ziige utaratibu huo. Kwa hivyo tutaupima utaratibu wenyewe, tutoe haki palipo na haki, na tukosoe palipo na kasoro.

KWANZA: TULIJUE JAMBO LENYEWE

Wanavyuoni wa Usuli wametufundisha kuwa kulihukumu jambo ni tawi la kulifahamu. Basi tuanze na maelezo.

Mfuko wa jamii ni taasisi ya watu wa mji au wilaya, inayopokea mali za watu wengi, ikazichanganya na kuziendesha pamoja, kisha ikatoa mapato yake kwa manufaa ya watu wa pale: maktaba, hospitali, masomo ya watoto, vyakula vya mafukara na mfano wa hayo. Mfuko wa kwanza wa namna hii uliasisiwa mwaka 1914 katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, na Frederick Goff, aliyekuwa mwanasheria na mkuu wa benki. Leo mifuko kama hiyo iko kwa mamia katika nchi ile.

Ndani ya taasisi hizo mna mifuko ya kudumu. Huko mali haitumiwi yenyewe. Huwekezwa, na kila mwaka hutolewa sehemu ndogo, kwa kawaida kisichozidi asilimia 5.

Ama nafuu ya kodi, hii ni sheria ya jimbo. Iowa iliipitisha mwaka 2003. Kwa miaka mingi sasa kiwango chake ni asilimia 25 ya kilichotolewa. Mtoaji lazima atoe bila ya haki ya kurejea, atoe katika mfuko wa kudumu wa taasisi iliyokubaliwa, na manufaa yawe ya watu wa Iowa. Nafuu hii hailipwi taslimu. Hukatwa katika kodi ya jimbo anayodaiwa mtoaji, na ikiwa imezidi kodi yake ya mwaka ule, huchukuliwa mbele kwa muda wa miaka mitano. Jumla ya nafuu kwa jimbo zima ina kikomo kila mwaka, na anayetangulia kuomba ndiye anayetangulia kupata. Kikomo kikijaa, aliyechelewa husubiri.

Iowa si peke yake. Kentucky ilianza mwaka 2010 kwa asilimia 20. Montana ilipitisha sheria ya aina hii mwaka 1997, na kwa miaka mingi ilitoa hadi asilimia 40 ya thamani ya sadaka zilizopangwa kwa muda mrefu. Michigan ilikuwa ikirudisha nusu nzima, lakini kwa kiasi kidogo tu, dola 100 kwa mtu mmoja na dola 200 kwa mume na mke. Sheria hiyo ikaondolewa katika mabadiliko ya kodi ya mwaka 2011.

Ni muhimu msomaji asichanganye nafuu hii na makato ya kawaida. Makato hupunguza mapato yanayohesabiwa kodi, na faida yake ni ndogo kuliko kiasi kilichokatwa. Nafuu hupunguza kodi yenyewe, dola kwa dola. Anayepata nafuu ya 2,500 amepata 2,500.

PILI: YALIYO MEMA

Mwenyezi Mungu ametuamrisha uadilifu hata kwa tusiokubaliana nao. Basi tunakiri kuwa utaratibu huu una mambo manne mema.

La kwanza, umejengwa juu ya fikra ya kuizuia asili na kuyatoa matunda. Fikra hii ndiyo ile aliyoelekezwa Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.) alipopata ardhi Khaybar akamuuliza Mtume (s.a.w.) afanye nini nayo. Umar akaizuia ardhi ile, isiuzwe, isitolewe zawadi wala isirithiwe, na mazao yake yakawa ya mafukara, jamaa, watumwa wa kukombolewa, wasafiri na wageni. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar (r.a.).

La pili, sadaka hiyo hairejewi. Akishatoa, ametoa. Hii inafanana na luzumu ya wakfu katika madhehebu yetu.

La tatu, sheria imeangalia haki ya jirani. Mali ya Iowa iwafae kwanza watu wa Iowa. Sisi tunaijua kanuni hii tangu Mtume (s.a.w.) alipompeleka Muadh (r.a.) Yemen na kumfundisha kuwa zaka huchukuliwa kwa matajiri wa watu wale ikarudishwa kwa mafukara wao.

La nne, taasisi hizi zina hesabu zinazokaguliwa na bodi zinazoulizwa. Na tuseme kweli, ndugu zetu: wakfu ngapi za pwani yetu zimepotea kwa kukosa daftari tu?

Lakini kufanana si kuwa kitu kimoja. Siki na asali zote ni maji yenye rangi.

TATU: JE, HUU NI WAKFU?

Tunaona tofauti tatu kubwa, na kila moja ina hukumu yake.

Tofauti ya kwanza ni katika asili inayozuiwa. Katika madhehebu ya Imam Shafi (r.a.), ambayo ndiyo ya watu wetu wengi wa pwani, sharti la kinachowekwa wakfu ni kiwe kitu kinachonufaisha hali ya kuwa chenyewe kinabaki. Ndiyo maana Imam Nawawi na waliomfuata hawakusahihisha wakfu wa chakula, na dinari na dirhamu zimeingia katika hukumu hiyo kwa kuwa hazinufaishi ila kwa kutoka mkononi. Iowa ni nchi ya wakulima, na wapo wanaotoa nafaka na mashamba. Lakini shamba lililotolewa mara nyingi huuzwa, na thamani yake ikatiwa katika mali iliyochanganywa. Ardhi ya Umar ilibaki ardhi. Shamba la mkulima huyu limegeuka kuwa hesabu katika karatasi.

Hatusemi kuwa mlango umefungwa. Wakfu wa fedha ni suala la khitilafu ya zamani. Umepokewa kutoka kwa Al-Ansari, mwanafunzi wa Imam Zufar, kwamba dirhamu huwekwa wakfu kwa kuzifanyia mudharaba na faida yake ikatolewa sadaka. Katika karne ya 16 suala hili liligawanya wanavyuoni wa dola ya Uthmaniya. Sheikhul-Islam Abu Suud Effendi, aliyefariki mwaka 1574, aliuhalalisha kwa kuwa watu wamezoea na haja imethibiti. Birgivi, aliyefariki mwaka 1573, aliukataa kwa nguvu, akiogopa kwamba utafungua mlango wa riba. Katika zama zetu, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa iliyokutana Muscat mwaka 2004 iliukubali wakfu wa fedha. Kwa hivyo mwenye kufuata kauli hiyo hatumlaumu. Tunachomlaumu ni yule anayeifanya kauli yenye khitilafu kuwa ni ijmai, akawaambia watu kuwa hili ni lile lile la Umar.

Na hofu ya Birgivi iko hapa mbele yetu. Mali za mifuko hii huwekezwa katika hisa na katika hati za mikopo zinazolipa riba. Tunda lenyewe, ambalo ndilo sadaka, lina riba ndani yake. Muislamu hawezi kusema kuwa hayo hayamhusu, kwani yeye ndiye aliyepanda. Bali na aulize kabla ya kutoa: je, taasisi itakubali mfuko wake uwekezwe mbali, katika mali zilizochujwa kwa sharia? Mifuko ya uwekezaji ya namna hiyo ipo Marekani tangu mwaka 1986. Wakikubali, pingamizi hili limeondoka. Wakikataa, amejua.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Sheria ya mfano iliyotungwa mwaka 1972 ilizuia thamani ya mfuko isitumiwe ikashuka chini ya dola zilizotolewa mwanzo. Sheria ya mwaka 2006 iliyochukua nafasi yake, ambayo majimbo karibu yote yameipokea, imeondoa mpaka huo. Imeiacha bodi itumie kwa busara na uangalifu, hata kama thamani imeshuka chini ya ile ya mwanzo. Kwetu sisi, asili ndiyo nguzo ya wakfu. Kwao, asili imekuwa ni makadirio ya wasimamizi.

Tofauti ya pili ni katika sharti la mwekaji. Mafaqihi wetu wamelipa sharti la mwekaji wakfu heshima kubwa hata wakalifananisha na nassi ya Sharia katika kufahamika na kutekelezwa. Goff na wenzake waliona kinyume chake. Wao waliogopa mkono wa maiti usije ukaitawala mali ya walio hai. Kwa hiyo bodi ya mfuko wa jamii imepewa uwezo wa kubadilisha sharti la mtoaji endapo sharti hilo limekuwa si la lazima tena, au haliwezekani, au halilingani tena na haja za watu wa mji.

Je, hili ni baya? Si baya moja kwa moja. Ibn Taymiyya na baadhi ya Mahanbali wameruhusu kubadilisha wakfu kwa maslaha yenye nguvu, na Mahanafi wameruhusu kwa masharti na kwa idhini ya kadhi. Mashafi wamebana sana. Tofauti ni kwamba kwetu anayeamua ni kadhi anayeogopa kuulizwa kuhusu sharti. Kule ni bodi inayochagua haja ya wakati wake. Aliyetoa kwa ajili ya mayatima, huenda baada ya miaka 50 mali yake ikajenga kiwanja cha michezo, na sheria isivunjwe hata kidogo.

Mfano ulio karibu na ndugu yetu muulizaji uko katika mji wa Cedar Rapids, jimbo hilo hilo la Iowa. Hapo Waislamu waliotoka nchi za Sham walijenga msikiti mwaka 1934, na ndio msikiti mkongwe zaidi uliosimama hadi leo katika ile iliyojengwa mahsusi kuwa msikiti nchini Marekani. Jamaa walipoongezeka wakajenga kituo kikubwa kilichofunguliwa mwaka 1971, na jengo la zamani likauzwa, likatoka mikononi mwa Waislamu kwa karibu miaka 20 likichakaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Waislamu wa Iowa wakalinunua tena, wakalitengeneza na kulirudishia heshima yake. Hatuwalaumu waliouza, kwani walikuwa wachache katika nchi ya ugenini na walikuwa na haja ya pa kusali. Lakini tazama: kilichouzwa kwa maslaha ya siku moja kililazimu kukombolewa kwa jasho la kizazi kingine. Hapo utaelewa kwa nini Mashafi walibana. Na ndiyo maana Waislamu wa Amerika ya Kaskazini walianzisha mwaka 1973 amana inayoshika hati za misikiti kwa niaba ya jamaa, ili msikiti usiuzwe kwa uamuzi wa kamati ya mwaka mmoja.

Tofauti ya tatu ndiyo robo inayorudi. Hii ndiyo roho ya makala yetu.

NNE: ROBO INAYORUDI NI YA NANI?

Kwanza tuondoe shaka moja. Wapo watakaosema kuwa kupokea nafuu hii ni kurejea katika sadaka, na Mtume (s.a.w.) amelikemea hilo. Wataleta kisa cha Sayyidna Umar (r.a.) alipomtoa farasi katika njia ya Mwenyezi Mungu, kisha akamkuta anauzwa na akataka kumnunua, Mtume (s.a.w.) akamkataza asirejee katika sadaka yake hata akiuziwa kwa dirhamu moja. Sisi tunasema kuwa qiyasi hii haisimami. Katika kisa cha farasi, kinachorudi ni kile kile kilichotolewa, kutoka kwa yule yule aliyepewa. Hapa mfuko haurudishi chochote. Serikali, ambayo ni mtu wa tatu, ndiyo inayosamehe sehemu ya deni lake. Hiyo ni ibraa, na mwenye deni akisamehe haki yake kwa khiari, kilichosamehewa ni halali. Kwa hivyo hiyo 2,500 ni halali kwa ndugu yetu. Alale akiwa na amani kwa upande huo.

Lakini halali ni jambo moja, na sadaka ni jambo jingine. Mali iliyotoka mkononi ni 10,000. Iliyobaki mkononi kwa sababu ya kutoa ni 2,500. Basi kilichomtoka kwa hakika ni 7,500. Robo iliyobaki imelipwa na hazina ya jimbo, yaani na wote wanaolipa kodi: muuguzi, dereva wa lori, mfanyakazi wa kiwanda cha nyama, na Muislamu na asiyekuwa Muislamu. Ikiwa hazina imepungukiwa, ama wengine wataijaza, ama huduma fulani itapungua. Hakuna njia ya tatu.

Na la ajabu ni kuwa hata wakusanya kodi wa serikali kuu ya Marekani wamelikiri jambo hili. Zamani mtoaji alikuwa akipata nafuu ya jimbo, kisha katika kodi ya serikali kuu akadai makato ya sadaka yote nzima. Mwezi wa Juni 2019 ilitolewa kanuni kwamba, kwa sadaka zilizotolewa baada ya tarehe 27 Agosti 2018, nafuu ya jimbo ikizidi asilimia 15 basi ihesabiwe kuwa ni malipo aliyoyapata mtoaji, na itolewe katika sadaka. Mtu wa Iowa aliyetoa 10,000 akapata nafuu ya 2,500, makato yake kwa serikali kuu huhesabiwa juu ya 7,500 tu. Ikiwa mtoza kodi anajua kuwa mtu huyu ametoa 7,500, itakuwaje sheikh juu ya mimbari amwambie kuwa ametoa 10,000?

Watetezi wana hoja mbili, na ni haki kuzitaja.

Wanasema kuwa Sayyidna Uthman (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma, akakifanya cha Waislamu wote na yeye mwenyewe akawa anateka humo, kwa hiyo mtoaji kunufaika si tatizo. Tunajibu: ndiyo, aliteka, lakini ndoo yake ilikuwa kama ndoo za watu wengine. Mwenye nafuu ya kodi anapata ndoo ambayo jirani yake hana. Tena asiyedaiwa kodi na jimbo, kwa umasikini wake, akitoa dola zake 20 harudishiwi hata senti, kwa kuwa hakuna deni la kusamehewa. Na kwa kuwa nafuu ina kikomo cha mwaka na hugawiwa kwa anayetangulia, mwenye mshauri wa kodi ana nafasi nzuri zaidi ya kuwahi kuliko mtu wa kawaida. Sadaka ya mnyonge imeachwa bila ya kusaidiwa, na sadaka ya mwenye uwezo ndiyo iliyosaidiwa.

Wanasema pia kuwa Malaysia, nchi ya Waislamu, humpunguzia mtu kodi ya mapato kwa kiasi chote cha zaka aliyolipa. Tunajibu: hiyo ni zaka, nayo ni faradhi yenye kiwango maalumu, inayolipwa kwa vyombo vilivyowekwa kisheria na yenye mafungu manane yaliyotajwa katika Sura ya Tawba. Dola imeona isimtwishe Muislamu faradhi mbili juu ya mali moja. Mwenye kutoa zaka hachagui fungu jipya kwa matamanio yake. Ama huku, mtoaji ndiye anayechagua, na hazina inafuata chaguo lake. Hapo ndipo kasoro kubwa ilipo.

TANO: HISTORIA IMESHALIAMUA

Mali ya umma kufungiwa jambo la kheri si jipya katika historia ya Uislamu. Mafaqihi wanaliita irsadi. Mfalme Nuruddin Mahmud Zangi, aliyefariki mwaka 569 Hijria (1174), alipotaka kutenga mali za Baytul-mal kwa ajili ya madrasa na mambo ya kheri, alipata fatwa ya Ibn Abi Asrun, mwanachuoni wa Kishafi, kuwa inajuzu. Lakini waliofafanua wakasema: huo si wakfu wa kweli, kwa sababu mfalme haimiliki mali hiyo. Yeye amemfikishia mwenye haki haki yake tu.

Tofauti hiyo ilikuja kuonekana maana yake mjini Cairo mwaka 780 Hijria (1378-79). Amiri Barquq, kabla hajawa sultani, alitaka kuzivunja wakfu zilizotolewa katika ardhi za Baytul-mal. Akawakusanya wanavyuoni, akiwemo Imam Sirajuddin Al-Bulqini. Bulqini hakusema zote zibaki, wala hakusema zote zivunjwe. Aliangalia mahali mali inapokwenda. Zilizowekwa kwa ajili ya wanavyuoni na wanafunzi alizikatalia zisiguswe, kwa kuwa hao wana haki katika Baytul-mal. Zilizowekwa kwa ajili ya watu binafsi kwa mapenzi ya watawala, akaona hizo zinaweza kuvunjwa.

Basi kipimo cha Bulqini ndicho tunachokitumia kwa robo ile. Robo hiyo ni irsadi. Mtoaji si mwekaji wake, ni wakili tu aliyepewa nafasi ya kuielekeza. Na wakili ana amana. Akiielekeza kwa mafukara, wagonjwa, maji na elimu, ameifikisha. Akiielekeza kwenye jambo la fahari, la kuwafurahisha wachache walio kama yeye, ametumia mali ya muuguzi na dereva kwa hawaa yake, hata kama sheria ya nchi imemruhusu. Zaidi ya hayo, akiandika jina lake juu ya jumla yote, amejinasibishia asichokitoa.

Na ukosoaji wetu kwa sheria yenyewe ni huu: katika irsadi, mtawala ndiye anayeulizwa mali ya umma imekwenda wapi. Katika utaratibu huu, bunge la jimbo limeweka kikomo na masharti ya jumla, kisha uchaguzi wa mahali hasa umeachiwa kila mwenye ziada. Fukara, ambaye ndiye mwenye haja, hana kauli.

SITA: NIA

Limebaki suala la nia. Kutia jambo la dunia ndani ya ibada ni mas-ala mashuhuri. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Baqara, aya ya 198, amewaondolea mahujaji dhambi ya kutafuta fadhila za Mola wao wakiwa safarini, na hapo ndipo panapoingia biashara. Lakini wanavyuoni wamekhitilafiana kuhusu thawabu. Izzuddin bin Abdissalam amesema kuwa nia mbili zikichanganyika hakuna thawabu. Imam Ghazali amesema tutazame lililomsukuma mtu: la dini likishinda, ana thawabu kwa kiasi chake. Kauli ya Ghazali ndiyo tunayoiona kuwa nyepesi kwa watu.

Kipimo chake ni rahisi. Mtu ajiulize usiku akiwa peke yake: lau sheria hii ingeondolewa kesho, kama ilivyoondolewa kule Michigan, je, ningetoa? Akijibu ndiyo, nafuu haimdhuru. Akijibu hapana, ajue kuwa amefanya hesabu ya kodi, si sadaka. Na akijibu kuwa angetoa kidogo zaidi, basi ameshajijua kiasi chake.

HITIMISHO NA JAWABU

Tunamjibu ndugu yetu kwa mambo matano.

1. Kutoa katika mfuko wa jamii kwa manufaa ya jirani zako ni jambo jema, na nafuu ya kodi ni halali kwako.

2. Usiuite wakfu wa Umar. Kwa madhehebu yetu, fedha iliyochanganywa na kuwekezwa katika riba si wakfu. Ukifuata kauli ya wanaosahihisha wakfu wa fedha, shurutisha uwekezaji ulio safi na uandikiwe. Sharti lako liandike kwa uwazi, pamoja na mahali mali itakapokwenda ikiwa sharti hilo halitekelezeki, ili bodi isije ikakuchagulia.

3. Usiingize zaka hata dola moja. Zaka ni haki ya wenye nayo, na haifungiwi mahali ikatolewa asilimia 5 kila mwaka hali ya kuwa fukara yuko mlangoni.

4. Hesabu kuwa umetoa 7,500. Mwenyezi Mungu ni Karimu, na fadhila zake hazipimwi kwa hesabu zetu, lakini adabu ya mja ni kutojidai zaidi ya alichokitoa.

5. Ile 2,500 ikikurudia, tunakunasihi, wala hatukuwajibishii, uitoe tena pale ambapo sheria ya jimbo haifiki: kwa mzee wako, kwa yatima wa mtaa ulikozaliwa, kwa madrasa uliyosomea. Hapo ndipo utakapokuwa umetoa 10,000 kweli.

Ama ndugu zetu wa pwani wanaotaka serikali zetu ziige Iowa, tunawaambia: wakfu zetu hazikudhoofika kwa kukosa nafuu ya kodi. Waliozusia misikiti minazi na nyumba katika Unguja, Lamu na Mombasa hawakurudishiwa hata pesa moja. Kenya ilipata sheria ya makamishna wa wakfu mwaka 1951, na Zanzibar ina kamisheni yake yenye sheria ya mwaka 2007. Kinachotakiwa kwanza ni daftari lililo wazi, msimamizi anayeulizwa, na kadhi anayelilinda sharti la marehemu. Katika hayo, tuchukue kwa watu wa Iowa ukaguzi wao wa hesabu. Robo yao tuwaachie.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azitakabali sadaka za wenye kutoa, azitakase nia zetu, na awalinde waliopewa amana za wakfu wasile wasichostahiki. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.